Fanksheni za sehemu: uanze na grafu au aljebra?

Hili swali la jinsi ya kufundisha fanksheni zenye x chini ya mstari wa sehemu haliishi kwa walimu wa hesabu. Kwa kuelewa, grafu inashinda kwa mbali, mpe mwanafunzi 1/(x−2) aweke 2.1, 2.01, 2.001 aone jibu linavyoruka 10, 100, 1000, hapo asimptoti (mstari ambao grafu inausogelea bila kuugusa, hapa x=2) haina haja ya kukaririwa. Ila kwa uhakika aljebra iko juu: (x²−4)/(x−2) ukiichora kwenye programu mara nyingi unaona mstari wa x+2 tu, lile tundu la x=2 (pale fanksheni haina jibu kwa kuwa unagawanya kwa sifuri) hulioni mpaka utafute vigawo, yaani uandike juu kama (x−2)(x+2). Muda? Grafu za mkono zinakula kipindi kizima. Darasa likiwa bado linayumba kwenye vigawo anza na grafu, kama wako fiti na mtihani umekaribia, aljebra itawafaa zaidi.