Wegner au Kjærholm: kochi lipi la kulalia?

Hans Wegner na Poul Kjærholm walikuwa wabunifu wa samani. Wote walikuwa Wadenmark, wote walianza na useremala, na Wegner alimfundisha Kjærholm. Kochi la Wegner, GE 258 la mwaka 1954, ni la mbao. Mchana watu wanakaa. Usiku unainua egemeo la mgongo, godoro linabaki wazi upana wake wote na mgeni analala kwa nafasi. PK80 la Kjærholm, la 1957, halina egemeo kabisa: godoro jembamba la ngozi juu ya fremu ya chuma, kama sentimita 30 tu kutoka sakafuni. Linapendeza mno, ila mzee mwenye magoti yanayouma atainukaje? Nyumbani ningeweka la Wegner, na kama ni la zamani, ningekagua kwanza viungo vya egemeo.