BYD Atto 3 kwa safari za kila siku: kila kitu kinaanzia pale gari linapolala

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Leo tunaizungumzia BYD Atto 3, SUV ya umeme. Mambo ya taa na rangi mmeshayaona kwenye video nyingine, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja kwenye swali mnaloniuliza kila mara: gari hili linamfaa mtu anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni? Jibu langu ni ndiyo, tena ndiyo kubwa, ila kwa sharti moja: uwe na umeme pale linapolala.

Tupige hesabu kwanza. Betri ya toleo ninalolizungumzia ina kilowati-saa 60.48, yaani hicho ndicho kiasi cha umeme inachobeba ikijaa. Kwa WLTP, kipimo rasmi cha umbali wa magari, inatajwa kwenda kilomita 420 kwa chaji moja. Kipimo hicho hufanywa maabara, kwa hiyo ukiwa barabarani usiitegemee namba hiyo. Wewe hesabu kilowati-saa 16 hadi 18 kwa kila kilomita 100, ukiendesha bila papara. Tuseme kazini kwako ni kilomita 25. Kwenda na kurudi ni 50, umekula kama kilowati-saa 9. Haifiki hata sehemu ya sita ya betri!

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Soketi ya kawaida ya ukutani, ya volti 230, ukivuta ampea 10 inakupa kilowati 2.3. Acha gari kwenye waya kwa muda wa saa nane usiku, umevuta kilowati-saa 18 na ushee. Kuna kiasi kinachopotea kama joto wakati wa kuchaji, lakini ulichotumia mchana kimerudi chote na cha ziada kipo. Ndiyo maana mtu wa safari za kila siku hana haja ya kuhangaika na chaja za kasi. Unachomeka jioni kama simu, unalala, asubuhi unaondoka.

Lakini jamani, soketi hiyo muikague. Pasi au birika linavuta umeme mwingi kwa dakika chache, gari linavuta kwa saa nyingi mfululizo bila kupumzika. Soketi iliyolegea itapata moto. Baada ya nusu saa ya kwanza, weka kiganja kwenye plagi. Ikiwa vuguvugu si neno. Ikiwa ya moto kiasi cha kukufanya utoe mkono, zima hapohapo uite fundi umeme. Na waya wa kuunganishia, ule unaozungushwa kwenye kigurudumu chake, usiutumie kabisa kuchajia gari. Ukiwa umejikunja, joto halina pa kutokea na plastiki inaanza kuyeyuka. Hili nalisisitiza kwa sababu ni usalama wa nyumba na waliomo.

Ukiweza, funga chaja ya ukutani ya kilowati 7 yenye laini yake peke yake kutoka kwenye kikatio kikuu. Hiyo inajaza betri tupu kwa takriban saa tisa hadi kumi, na ni salama zaidi kuliko soketi.

Chaja za kasi za umma zina nafasi yake, hasa safari ndefu. Atto 3 hii inapokea hadi kilowati 88, na kiwandani wanasema kutoka asilimia 30 hadi 80 ni dakika 29. Kwa viwango vya sasa hiyo ni kasi ya wastani, kuna SUV zinazopokea mara mbili ya hapo na zaidi. Kwa mimi hicho ndicho kipimo chake dhaifu zaidi kwenye karatasi. Na msishangae kasi ikishuka ukipita asilimia 80: betri yoyote ya namna hii hupunguza mvuto inapokaribia kujaa ili isijiumize. Ukiwa safarini, chomoa kwenye 80 uendelee na njia.

Wengi mnaogopa foleni. Mnaniuliza, nikikwama saa nzima si nitaishiwa? Hapana! Gari likisimama, mota haivuti kitu. Kinachokula ni kiyoyozi, skrini na taa, na kiyoyozi kikishapoza gari hutumia kama kilowati moja tu. Saa nzima ya foleni ni kilowati-saa moja na kidogo kati ya 60. Halafu kila ukiachia mwendo, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Atto 3 ina viwango viwili vya kurudisha umeme, na hata kile cha juu hakilisimamishi gari kabisa, kwa hiyo breki utaigusa.

Adui wa kweli ni kasi. Upinzani wa hewa hupanda kwa mraba wa mwendo, na SUV ina kifua kipana. Kutoka kilomita 90 kwa saa kwenda 120, upinzani huo unakaribia kuongezeka mara mbili. Kama njia yako ya kazini ni barabara kuu tupu, punguza matarajio.

Betri yenyewe ni ya lithiamu, ya aina ya chuma na fosfeti, haina kobalti wala nikeli, inastahimili joto vizuri na inavumilia kujazwa mara nyingi. Betri za aina hii zinahitaji kujazwa hadi asilimia 100 mara kwa mara, kwa sababu volti yake haibadiliki sana kati ya karibu kujaa na karibu kuisha, na kompyuta hupoteza hesabu ya kilichobaki. Kwenye baridi kali huchaji polepole, hilo mlijue.

Ndani ni pana, skrini inazunguka, na kwenye mifuko ya milango kuna nyuzi kama za gitaa ambazo ukizigusa zinalia. Watoto watazipenda. Mota ni kilowati 150, inavuta kwa magurudumu ya mbele, na kwenye lami yenye maji ukikanyaga kwa nguvu yatateleza.

Jambo moja dogo kabla hujalipa: tundu la kuchajia liko mbele, upande wa kulia, juu ya gurudumu. Nenda unapoegesha, pima kutoka kwenye soketi hadi pale tundu litakapokuwa ukiingia kwa mbele, kisha ukiingia kinyumenyume, halafu ulizia urefu wa waya unaokuja na gari. Mnaokaa ghorofani na kuegesha mbali na umeme, niandikieni hapo chini mmepanga vipi, nitawajibu mmoja mmoja.