TAHADHARI: Anayejiita mchungaji na kuchangisha pesa za "waongofu wa Somalia na Sudan" ni tapeli

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Naomba msome ujumbe huu kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Kuna mwanamume anayepita kwenye makundi ya WhatsApp ya makanisa ya Nairobi na Kiambu akijiita mchungaji. Anasema amewaficha waongofu saba, Wasomali na Wasudani waliouacha Uislamu wakamwamini Kristo, katika nyumba moja pembezoni mwa jiji. Sauti yake ni ya upole na Maandiko anayajua. Siku ya kwanza haombi pesa, anaomba maombi tu. Siku ya tatu kodi ya nyumba imechelewa. Wiki ya pili mtoto ana homa. Halafu inakuja ile kubwa: mmoja wao amekubaliwa kwenda Kanada, imebaki "ada ya UNHCR" (shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi) ya shilingi 45,000, na mwisho wa kulipa ni leo jioni.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kanisani kwetu. Tulituma mara nne, jumla shilingi 68,500, zote kwa nambari ya M-Pesa ya mtu binafsi. Jina lililotokea kwenye ujumbe halikuwa lake. Alisema ni la mkewe, nami nikaamini. Pesa zile zilitoka kwa akina mama wanaouza mboga na mitumba, na najua wawili waliochanga wakati wao wenyewe wanadaiwa kodi.

Kilichomfichua ni sauti. Alitutumia sauti ya mwanamke akilia, akasema ni dada yetu wa Mogadishu anaomba kwa Kisomali. Nikamsikilizisha mama mmoja wa Kisomali, Mwislamu, ambaye meza yake inapakana na yangu sokoni. Akasikiliza mara mbili, akaniambia, "Mama, hiki si Kisomali. Hiki ni Kiarabu, na huyu analia msiba." Kisha akaniuliza kwa uchungu ni nani huyo anayekula pesa kwa jina la watu wake.

Usiku huo kijana wangu akaitafuta kwenye Google picha ya "dada aliyetoroka Khartoum mwezi uliopita", yule mwenye mtoto mchanga na mume wa kiti cha magurudumu. Ni Meriam Ibrahim. Habari zake zilienea duniani kote mwaka 2014: Mei alihukumiwa kunyongwa kwa kosa la kuritadi, yaani kuuacha Uislamu, akajifungua binti gerezani Omdurman miguu ikiwa na minyororo. Juni mahakama ya rufaa ikaifuta hukumu, na Julai akafika Roma, akaonana na Papa Francis kabla ya kwenda Marekani. Tena hakuwa mwongofu. Alilelewa na mama yake, Mkristo wa Orthodoksi kutoka Ethiopia, lakini mahakama ikamhesabu Mwislamu kwa sababu baba yake alikuwa Mwislamu. Sudan iliondoa adhabu ya kifo kwa kuritadi mwaka 2020. Mateso ya kweli ya mama huyu yamegeuzwa chambo.

Lakini pesa si jambo lililoninyima usingizi. Huyu mtu alituomba majina na picha za waongofu wowote tunaowajua, "ili wafadhili wa Ulaya waamini". Kanisani kwetu tunamsaidia kijana mmoja wa namna hiyo. Siandiki alikotoka wala anakoishi. Mzee mmoja wa kanisa, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshaichagua picha yake na kidole kiko kwenye kitufe cha kutuma. Jamani! Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inakataza kueneza dini nyingine yoyote isipokuwa Uislamu, na wapiganaji wa Al-Shabaab huwaua waliobadili dini. Hata hapa Islii (Eastleigh), mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, aliyeokoka huwa anaogopa ndugu wa ukoo kuliko askari, maana ukoo hauna mpaka. Picha ikifika kwenye simu ya mgeni asubuhi, jioni inaweza kuwa kwa mjomba wake. Tulipomweleza kijana yaliyotaka kutokea, alihama nyumba wiki ile ile.

Kwa hiyo, akija mtu na habari kama hizi, jueni kwamba huduma za UNHCR ni bure, kuanzia kuandikishwa hadi kupelekwa nchi nyingine. Nafasi ya Kanada au Marekani hainunuliwi. Anayedai ada, hata akiwa na barua yenye nembo na muhuri, anaiba.

Tena kazi hii kweli hufanywa kwa siri, na tapeli anajificha humo humo. Ukiuliza swali anakujibu "ni kwa usalama wao". Basi usimwombe akuonyeshe waongofu, wala nyumba yao. Muulize yeye: kanisa gani limekutuma, nani anayekusimamia, shirika limesajiliwa kwa jina gani, akaunti ya benki ya shirika ni ipi, nani wanatia sahihi pesa zikitoka. Mpigie mchungaji mnayemfahamu kwa miaka, si nambari anayokupa yeye. Tapeli wetu alipoulizwa hayo alituambia hatuna imani, akatoka kwenye kundi.

Kama ameshakutumia ujumbe mfupi wa kuomba pesa, uelekeze kwa 333 ya Safaricom. Kama umetuma pesa, hifadhi ujumbe wote wa M-Pesa, nenda polisi upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio). Sisi tumeshafanya hivyo.

Amebadilisha nambari. Jana dada mmoja wa Nakuru amenitumia ujumbe wake mpya, maneno ni yale yale, ila sasa anayechangiwa ni mchungaji wa Iran anayesubiri kunyongwa Ijumaa, na tayari kuna watu kwenye kundi lao wameahidi kuchanga. Mwenye jamaa Nakuru au Eldoret, tafadhali mpelekee ujumbe huu leo.