TAHADHARI: Banda la Matema lenye jiko la kuotea moto

Ndugu zangu mnaopanga kushuka Matema sikukuu zijazo, someni hii kabla hamjatuma hata mia. Kuna ukurasa wa Instagram unakodisha banda la ufukweni Ziwa Nyasa, na banda lenyewe halipo. Sisi tumepigwa shilingi 290,000. Jina la ukurasa siandiki, maana tangu tuanze kulalamika umeshabadilishwa jina mara mbili. Nikiandika la leo, kesho utalitafuta usilikute, udhani uko salama. Mtawajua kwa picha zao na kwa namna wanavyoomba hela.

Tulikuwa sita kutoka Mbeya mjini: mimi na mke wangu, binamu yangu na mkewe, na vijana wawili wa kazini. Mpango ulikuwa wikiendi ya Saba Saba, twende Ijumaa, Jumamosi tuwahi gulio la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, tule mbasa wa kuchoma, Jumapili tupande kurudi Mbeya. Mahema tunayo, ila wake zetu walishasema mapema kwamba kwenye hema hawalali. Ndipo nikaliona tangazo: banda la mbao, vitanda sita, ngazi inayoshuka hadi majini, milima ya Livingstone nyuma. Shilingi 180,000 kwa usiku. Bei haikuwa ya kutupa, na hapo ndipo nilipozubaa, maana siku zote tumeambiwa tapeli anajulikana kwa bei rahisi.

Aliyejibu WhatsApp alikuwa dada mwenye sauti ya upole, kila sentensi "mpenzi mteja". Mke wangu ni mtu wa Tukuyu. Akamtupia salamu ya Kinyakyusa, yule dada akaidaka na kuirudisha vizuri kabisa, wakaulizana habari za mvua na ndizi. Mke wangu akanirudishia simu: "Huyu ni wa kwetu, lipa."

Nikalipa kianzio, nusu ya siku mbili, shilingi 180,000. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu ikaniletea jina la mpokeaji: mwanaume. Nikauliza. "Huyo ni mhasibu wetu, kaka." Sawa. Siku mbili baadaye zikaja 60,000 za boti ya kwenda kwenye maporomoko, eti boti ni za kugombania Saba Saba, lazima zishikwe mapema. Jina lingine kabisa. "Laini ya mhasibu imejaa." Alhamisi usiku, nguo zimeshafungwa, ikaja 50,000 ya dhamana ya funguo, "tunakurudishia ukitoka". Jina la tatu. Na mimi mtu mzima mwenye akili zangu, nikatuma.

Naeleza hili taratibu kwa sababu hapa ndipo mchezo wote ulipo. Angeniomba 290,000 kwa mkupuo ningekaa chini nikafikiri. Anakumegua kidogo kidogo, na kila kipande ni kidogo kuliko ulichokwisha kutoa, hivyo unaona bora umalizie kuliko kupoteza cha kwanza. Ile laki na themanini yangu ndiyo iliyokuwa inanivuta, dada wa watu alikuwa anashika kamba tu.

Tukashuka Ijumaa mchana, Uyole, Tukuyu, tukakata kona Kikusya kuelekea Ipinda. Simu ya mwisho kupokelewa ilikuwa tukiwa Tukuyu. "Njooni, nimeshawasha taa." Ipinda tukapiga, inaita tu. Tulipofika Matema giza limeingia, namba haipatikani, zote tatu.

Tukamkuta mzee mmoja anakunja nyavu zake ufukweni. Tukamwamkia, tukamuonyesha picha. Akaishika simu kwa mkono wenye magamba ya samaki, akaitazama muda mrefu, kisha akamwita mwenzake. Wakaanza kucheka, halafu wakaona nyuso za wake zetu wakaacha.

"Mwanangu," akaniambia, "hapa kuna jiko la kuotea moto ndani ya nyumba. Matema nani anaota moto?"

Na kweli. Ndani ya lile banda, ukutani, kuna mahali pa kuotea moto, kuni zimepangwa pembeni, na blanketi zito juu ya kiti. Sisi watu wa Mbeya tunalala na masweta, jicho halikushtuka. Lakini Ziwa Nyasa liko chini, kama mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari, na Kyela joto lake mnalijua. Kule mtu anatafuta chandarua na dirisha la kupitisha upepo.

Mzee hakuishia hapo. Akaniambia nitazame visiwa. Kwenye picha, mbele ya ngazi, kuna visiwa vidogo vya kijani vinne au vitano, vimekaa kama mafiga. Akanyoosha mkono gizani kuelekea kusini: "Ukisimama hapa asubuhi utaona maji mpaka macho yachoke. Visiwa hivyo viko wapi?" Tena maandishi chini ya picha yalisema "machweo nyuma ya milima ya Livingstone". Milima ile, kwa mtu aliyesimama Matema, iko mashariki. Jua linachomoza kwa nyuma yake. Likizama huko, basi ni kiama.

Usiku uleule binamu yangu akaiweka picha kwenye Google ya kutafutia picha. Ziwa Bunyonyi, Uganda, kule Kabale, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ziwa lililojaa visiwa. Baridi tupu. Ndiyo maana ya lile jiko. Wenye nyumba yao kule hawana habari kwamba tapeli ameihamishia Tanzania.

Wenyeji wale, Mungu awabariki, walituongoza hadi kwenye kambi yenye nafasi ya mahema, na wake zetu wakalala kwenye hema kimya kimya. Sitaandika kilichosemwa humo. Kuhusu boti, asubuhi tuliambiwa mwezi wa saba upepo wa mwera unalitibua ziwa, wavuvi wenyewe wanaangalia kwanza maji, hakuna anayekuuzia safari ya boti yenye saa maalumu wiki mbili kabla.

Hela? Nilipiga huduma kwa wateja usiku uleule. Kila muamala ulikuwa umeshatolewa kwa wakala, wakasema hakuna cha kurudisha. Ukishtuka mapema, piga dakika hiyohiyo, maana hela ikiwa bado kwenye akaunti ya mpokeaji kuna kitu cha kuomba. Namba zote tatu tumezituma 15040 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, polisi tumechukua RB, yaani namba ya taarifa yetu, na meseji zote tumezihifadhi, maana kesi za namna hii zina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Wenye yale majina matatu ya wapokeaji nisingewatukana bado. Huenda kitambulisho cha mtu kimetumika kusajili laini bila yeye kujua. Wewe mwenyewe piga *106# uone ni laini ngapi ziko kwa jina lako, usije ukawa mhasibu wa mtu.

Najua kuna watakaoniambia "kwa nini ulilipa kianzio?" Jamani, wenye mabanda halali nao wanadai kianzio, hasa sikukuu, na wana haki. Tatizo langu ni kwamba sikumwomba yule dada apige simu ya video akiwa mlangoni pa banda, ageuze kamera alionyeshe ziwa. Dakika moja tu. Sikumtafuta dereva wa bodaboda wa Matema apite pale kwa buku tano. Na jina la mpokeaji lilipokuja tofauti na jina la biashara, nilikuwa nimeshapewa jibu lote kwenye kioo cha simu, nikaweka namba ya siri.

Juzi binamu kanitumia tangazo jipya la ukurasa uleule, kwa jina la tatu sasa. Picha ni ileile, visiwa wamevikata. Safari hii banda liko "ufukweni mwa Ziwa Ngosi". Waliopanda Ngosi wanapajua: ukifika juu kwenye ukingo unalitazama ziwa chini kabisa shimoni, msitu umelizunguka, kushuka kwenyewe ni kushikilia mizizi, na kule majini hakuna nyumba hata moja. Ila nikiri, kwa baridi ya milima ya Uporoto, angalau lile jiko la kuotea moto limepata mahali pake.