Kompresa ya kupulizia glezi: ipi inabaki na presha ukishavuta triga?

Malalamiko ya wafinyanzi yanafanana. Mmoja anasema ameweka psi 40 (psi ni kipimo cha presha ya hewa) kwenye kompresa, kama alivyoelekezwa, na glezi, ule uji wa madini unaogeuka kioo juu ya chombo tanurini, inatua kama unga na kupukutika akiigusa. Mwenzake naye kaweka 40 hiyohiyo, kwake yanatoka matone makubwa yanayochuruzika. Hakuna anayesema uongo. Wote wamesoma geji ya kwenye kompresa, triga ikiwa haijavutwa na hewa imesimama tuli. Wa kwanza geji yake imechoka, inasoma chini ya ukweli. Wa pili geji yake ni nzima, ila hewa ikianza kutembea inapita kwenye kiungio chenye tundu dogo, kisha mita kumi za mpira mwembamba, na ikifika kwenye mpini wa bunduki ya kupulizia ile 40 imebaki 22.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na mota wala tangi. Kitu cha kwanza kununua ni regyuleta (kifaa cha kupunguza na kushikilia presha) ndogo yenye geji, ya nyuzi za robo inchi, inayofungwa chini kabisa ya mpini wa bunduki. Cha pili ni mpira wa hewa wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 hadi 10. Ule wa kujikunja kama chemchemi, ambao muuzaji hukupa kama zawadi, mwingi una milimita 5. Mrudishie, au uufanye wa kupulizia vumbi mezani.

Kisha presha yenyewe. Weka maji matupu kwenye kikombe cha bunduki, vuta triga hadi mwisho, na usome geji ukiwa bado umeivuta. Anzia psi 25. Pulizia gazeti kwa sekunde moja kutoka sentimita 20 hivi. Ukiona matone makubwa katikati au pembeni, ongeza psi 5 na ujaribu tena. Matone yakishakuwa madogo na yaliyolingana, simama hapohapo. Ukiweka glezi huenda ukaongeza psi 5 nyingine. Bunduki nyingi zenye nozeli ya milimita 1.8 hadi 2.5 zinatulia kati ya psi 30 na 45. Glezi inatakiwa itue ikiwa mbichi, ing'ae kidogo, halafu mng'ao upotee ndani ya sekunde moja au mbili kadiri chombo kinavyokunywa maji. Isipong'aa kabisa, inakaukia njiani: punguza presha au sogea karibu. Ndani ya bakuli shusha zaidi, kwa sababu hewa inagonga ukuta na kurudi na glezi yako.

Kabla ya kulaumu presha, pima uzito wa glezi. Mililita 100 za glezi ya kupulizia ziwe gramu 140 hadi 145, na ipite kwenye chekecheo la meshi 80 (matundu 80 kwa inchi), ikiwezekana 100. Wanaopandisha hadi psi 70 ili kusukuma glezi nzito kama uji wanapaka ukuta wa jirani.

Sasa mashine, kuanzia ninayoipendelea.

Nafasi ya kwanza: kompresa ya mkanda (mota inazungusha pampu kwa mkanda), tangi la lita 100, mota ya hp 3, pamoja na bunduki ya kampuni ya Kijapani Anest Iwata, W-77, yenye nozeli ya milimita 2 au 2.5. Kwa Iwata nakiri upendeleo. Sindano, nozeli na kofia ya hewa unaweza kununua kimoja kimoja, na hilo ni muhimu kwa sababu glezi ina kwatzi na alumina, madini magumu, inasugua kama msasa. Nozeli laini ya shaba huliwa, tundu linakuwa yai, na mnyunyizo unaanza kupinda upande mmoja. Ubaya wa W-77 ni kiu ya hewa. Usiifunge kwenye kompresa ndogo.

Nafasi ya pili, na inayomtosha mfinyanzi anayefanya kazi peke yake: tangi la lita 50, hp 2, na bunduki ya aina ya LVLP (ya hewa kidogo na presha ndogo) isiyokula zaidi ya lita 200 kwa dakika. Hesabu ni hii. Tangi likishuka kutoka bar 8 (bar moja ni kama psi 14.5) hadi 5.5, ambapo mota huwaka, limetoa lita 125 za hewa: kama sekunde 37. Mota ikiwa inarudisha lita 110 kwa dakika, unapata dakika moja zaidi kabla presha haijashuka hadi bar 3.5. Kikombe cha chai hakihitaji hata nusu ya muda huo. Sinia kubwa litakuhitaji usubiri.

Nafasi ya tatu: kompresa isiyotumia mafuta, yenye kelele ndogo, kama zile za kliniki za meno. Hewa yake haina mafuta, na tone la mafuta likitua kwenye chombo, glezi hujikunyata tanurini na kuacha vipara. Maji kidogo kwenye hewa ya Dar au Mombasa hayamsumbui mfinyanzi kama yanavyomsumbua mpaka rangi wa magari, maana glezi yenyewe ni maji. Mafuta ndiyo adui. Aliyenunua ya mafuta afunge chujio.

Kompresa za tangi la lita 24: sekunde 50 za kazi, basi. Bunduki za umeme za kupaka kuta: huwezi kurekebisha presha sawasawa, na hewa yake ya moto hukausha glezi angani. Ruka.

Barakoa ya kitambaa nayo ruka. Vumbi la silika, lililomo kwenye glezi, linataka barakoa ya kuchuja ya N95 au zaidi.

Tatizo la madukani ni kibandiko. Kimeandikwa "psi 116" kwa herufi kubwa kana kwamba ni sifa, wakati wewe unahitaji 40. Lita kwa dakika wanazotaja ni za pistoni kwa hesabu, si zinazotoka kwenye bomba. Kata angalau thuluthi. Rafu zimejaa bunduki zilizochapwa W-77 ambazo hazijawahi kuiona Japani, na bei yake ni kana kwamba zimetoka huko. Ukiuliza kipenyo cha nozeli, unajibiwa "hii ni ya kawaida tu."

Nenda dukani na regyuleta yako yenye geji pamoja na bunduki. Omba waijaze kompresa hadi ijizime, funga vyako, weka psi 40 triga ikiwa imevutwa, kisha endelea kuivuta kwa dakika moja na nusu ukitazama mshale. Ukishuka chini ya 35, iache hapo. Ukikaa, fungua kizibo cha chini ya tangi uone kama kinachotoka ni maji au kahawia ya kutu, ndipo mzungumze bei.