Madarasa Kukutana kwa Video: Tathmini ya Mwalimu
Kuunganisha madarasa ya mbali si jambo jipya, kwani iEARN, mtandao wa kimataifa wa walimu na wanafunzi, ilianza mwaka 1988 kwa kuziunganisha shule za New York na Moscow, ila mimi nimeijaribu huduma ya aina hii muhula huu tu. Kilichonigusa ni mwanafunzi mmoja, ambaye ni nadra kufungua kinywa darasani, alipoinua daftari mbele ya kamera na kumweleza mwenzake wa ng'ambo jinsi alivyopima mvua kwa chupa iliyokatwa. Sauti ilikatikakatika, na tofauti ya saa ilitulazimu kuanza alfajiri. Harufu ya msitu na uzito wa jiwe mkononi havipiti kwenye skrini, hivyo naipendekeza kwa dhati kwa masomo ya lugha, wala si kwa kuchunguza miamba.