Walinitoa darasani kwa hela iliyokuwa njiani

"Dada, meseji hata mtoto wa darasa la tano anatengeneza."

Niliambiwa hivyo mbele ya watu arobaini na kitu, na kijana wa uhasibu ambaye nadhani nimemzidi miaka kumi, nikiwa nimemnyooshea simu yenye ujumbe wa malipo. Ilikuwa imebaki kama wiki mbili tu tuingie kwenye mtihani. Mimi nashika vitabu vya duka la jumla Kariakoo huu mwaka wa tisa, nina watoto wawili, na sijawahi kupungukiwa hata shilingi mia kwenye droo ya bosi. Usiku ule nikaambiwa nimeghushi muamala wa ada wa laki moja na themanini.

Jina la kituo silitaji. Wanaohangaika na rivyu za CPA, yaani madarasa ya kujiandaa na mitihani ya uhasibu, hapa Dar wataotea wenyewe: ghorofa ya pili, ngazi nyembamba, chini duka la vipuri vya pikipiki, harufu ya oili inakusindikiza mpaka kwenye dawati. Kila nikisema nilisoma pale watu wananiuliza kama noti zinatosha, walimu wakoje, feni zinafanya kazi. Nitafika huko. Kwanza nitoe hili la hela, maana bado linanikaa kooni.

Nilikuwa nimebakiza pepa mbili ngazi ya mwisho: C1, ile ya taarifa za fedha za makampuni, na C4, ya kodi. Mtihani wa Novemba. Mnajua wenyewe bodi ya wahasibu inatuita mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba, basi. Wenzetu wa Kenya siku hizi wana Aprili, Agosti na Desemba, ukianguka unajifuta vumbi unarudi upesi. Sisi ukianguka Novemba unakaa na aibu yako mpaka Mei. Kwa hiyo kila kipindi kilikuwa na thamani kwangu. Natoka dukani saa 11 jioni, saa 11 na nusu niko kwenye kiti, saa 2 na nusu usiku natafuta gari la kurudi Kimara, nikifika watoto wamelala.

Sasa sikilizeni mwalimu alikuwa anafundisha nini usiku huo.

Alikuwa kwenye kuunganisha hesabu za makampuni ya kundi moja. Kampuni mama kwenye vitabu vyake inasema inaidai kampuni tanzu, ile inayoimiliki, milioni 50. Kampuni tanzu inasema inadaiwa milioni 42. Akatugeukia: nani mwongo? Tukanyamaza. Akasema hakuna mwongo hapo, milioni 8 ziko njiani. Tanzu ameshatuma, mama hajaipokea. Deni la ndani ya kundi hufutwa ukiunganisha hesabu, lakini usikimbilie kulifuta, akasema, tafuta kwanza hela iliyo njiani, iingize kwa huyo anayetarajia kuipokea, pande zote mbili zisome 42, ndipo ufute.

Chaki ilikuwa bado ubaoni. Mlango ukafunguliwa, kijana akaingia na karatasi, hodi hakuna, akasema atakaowasoma majina watoke nje, hawajamaliza ada. Jina langu la tatu.

Nikasimama na simu yangu. Ndipo akanijibu hayo ya mtoto wa darasa la tano. Kuna watu walicheka, na sura zao ninazo. Mwalimu akajaribu, "Kijana wangu, waache wamalizie hili swali." Akajibiwa, "Mwalimu, na mimi nimetumwa." Nikabeba mkoba, nikatoka, kalkuleta nikaisahau juu ya dawati.

Kwenye korido nikajishusha kabisa. Nikamwambia mdogo wangu, niletee taarifa ya lipa namba ya mwezi niliolipa, nikulinganishie hapa hapa na daftari lako la ada, dakika kumi hazifiki. Ndiyo kazi yangu ya kila siku, najua pa kutazama. Akasema taarifa za ofisi haonyeshwi mteja. Nikamuuliza, basi wewe umezilinganisha? Akasema mfumo ndio unaonyesha nadaiwa. Mfumo! Niliuona ule mfumo mlango ulipofunguka. Ni daftari la kaunta.

Na hapa ndipo hasira inaponipanda upya, samahanini. Hawa watu wanauza elimu ya ukaguzi. Chumba cha pili kutoka pale tuliposimama kuna mtu anafundisha ISA 505, kiwango cha kimataifa cha ukaguzi, kwamba ukitaka uhakika wa salio usitegemee karatasi za mteja peke yake, muulize mtu wa nje, akujibu wewe moja kwa moja. Sawa. Meseji yangu ni karatasi ya mteja, haitoshi, nakubali kwa moyo mweupe. Namba ya muamala si ipo pale? Piga simu, uliza. Mkaguzi anayeona ushahidi ni dhaifu anatafuta ulio na nguvu zaidi. Hamtoi mtu nje.

Halafu neno lenyewe, "nadaiwa". Nilikuwa nimelipa yote mwanzoni kabisa, hata somo la kwanza halijafundishwa. Kwa IFRS 15, kile kiwango cha kimataifa cha kuhesabu mapato, ambayo wao wenyewe wamenikaririsha hatua zake tano, hela uliyopokea kabla ya kutoa huduma haijawa mapato yako. Ni deni lako kwa mteja, unaihamishia kwenye mapato kidogo kidogo kadiri unavyofundisha. Vipindi vya wiki mbili vilikuwa bado. Tungefunga vitabu vya kile kituo usiku ule ule, kwenye mizania mimi ndiye niliyekuwa nawadai. Kwa kanuni hiyo wa kutoka nje ni wao, na lile daftari lao la kaunta.

Haya niliyawaza nikiwa kituoni nasubiri gari. Kwenye korido sikusema kitu. Nililia.

Siku tatu sikwenda. Nyumbani nilikuwa nafungua pasti pepa nasoma mstari mmoja naona karatasi ya yule kijana. Ya nne yule mwalimu wa C1 akanipigia, namba yangu aliitoa kwenye kundi letu la WhatsApp. "Binti yangu, kalkuleta yako ninayo. Na swali hatujalimaliza." Jumapili tukakutana kwenye mgahawa wa chai nyuma ya Mnazi Mmoja, mimi na wenzangu wawili waliotolewa usiku ule. Chai ya maziwa, chapati, na mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi anachora makampuni nyuma ya boksi la biskuti.

Nisiwe mnyimi, niwape alichotupa, kitamfaa mtu. Kwake swali la makampuni halianzi na namba. Linaanza na maboksi: kampuni mama juu, tanzu chini, asilimia ya umiliki na tarehe ya kununua pembeni ya mshale. Tarehe hiyo ndiyo inayoua watu. Mama akinunua tanzu katikati ya mwaka, faida ya mwaka mzima haiingii kwenye kundi, unachukua ya miezi iliyobaki tu, na mali halisi za tanzu, yaani mali ukitoa madeni, unaziandika safu mbili, siku ya kununua na siku ya kufunga hesabu. Gudwili, ile ziada juu ya thamani ya mali zenyewe, inatoka kwenye safu ya kwanza: ulicholipa, jumlisha sehemu ya wanahisa wachache, wenye hisa za tanzu ambazo si za mama, toa mali halisi kwa thamani ya haki siku ile ile. Mimi nilikuwa napeleka namba za mwisho wa mwaka kule, faida ya baada ya kununua ikiwa imeshaingia humo, halafu nashangaa gudwili imesinyaa.

Na faida iliyolala kwenye bidhaa ambazo kundi limeuziana lenyewe na bado ziko stoo. Alituuliza, aliyeuza nani? Kama aliyeuza ni tanzu, ukipunguza hiyo faida wale wanahisa wachache nao wanabeba fungu lao. Aliyeuza akiwa mama, hawahusiki. Tena soma vizuri kama faida imetajwa juu ya gharama au juu ya bei. Asilimia 25 juu ya gharama ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Nimelikosea hilo mara nne, mimi muuza duka! Mwisho akatupa sheria ya saa: swali la alama 20 ni dakika 36, zikiisha unaliacha hata kama mizania imegoma, kwa sababu alama ziko kwenye kazi uliyoonyesha, na kupishana kwa milioni mbili mwishoni hakukuangushi.

Hela yetu alikataa. Tulilipia chai tu, na hilo nalo kwa kubishana.

Kwa hiyo unaona shida yangu. Kituo nakipa moja kati ya tano. Mwalimu ningempa sita. Sasa yeye ni sehemu ya kituo au si sehemu? Kwa upande mwingine wao ndio waliomleta, bila wao nisingemjua. Nilishaandika maneno makali zaidi ya haya, nikayafuta. Na kuna sababu nyingine ya kuyafuta, inanibidi niiseme.

Baada ya mtihani nilikwenda duka la kampuni ya simu, nikachukua taarifa ya miamala yangu yenye muhuri, niende nikamtupie yule kijana mezani. Nimejiandaa na maneno yote. Nikiwa kwenye foleni ya ngazi naisoma ile karatasi, naona juu pale penye jina la mwenye laini. Jina la mama yangu.

Laini ile niliisajili kwa kitambulisho chake, enzi hizo changu cha NIDA hakijatoka, na nikasahau kabisa kwamba mimi kwenye simu ni mama. Kwa hiyo upande wao iliingia laki moja na themanini kutoka kwa mwanamke ambaye hayumo kwenye orodha ya wanafunzi. Kampuni tanzu imelipa, jina limesoma kampuni mama. Nilicheka peke yangu pale ngazini mpaka fundi wa chini akaniangalia.

Haya, kosa ni langu? Nusu. Robo, tuseme. Hasira ilishuka nikapanda juu taratibu, nikamwonyesha kijana. Akafungua daftari, kumbe nyuma kabisa ana ukurasa wa hela asizozijua wenyewe, ameandika jina la mama yangu na kiasi, kwa mwandiko mzuri tu, miezi yote ile. Akasema, "Aa, kumbe. Ungesema mapema."

Ungesema mapema!

Hapo ikarudi yote. Maana ukurasa wa nyuma una laki moja na themanini isiyo na mwanafunzi, na ukurasa wa mbele una mwanafunzi asiye na laki moja na themanini, daftari ni moja, mkono ulioandika ni mmoja. Huyo mtoto wa darasa la tano anayeweza kutengeneza meseji angeziunganisha hizo mbili kabla ya mapumziko ya uji. Pole sikupewa. Nilipewa stakabadhi, na ninayo mpaka leo.

Matokeo yalipotoka, C1 nimeipata. Swali la makundi lilikuja, tena mama kanunua tanzu katikati ya mwaka, nilitamani kusimama nimpigie mzee simu. C4 sikuipata, na kwa hilo sina wa kumlaumu: kwenye VAT nilichanganya bidhaa za kiwango cha sifuri na zilizosamehewa, nikamrudishia kodi ya manunuzi mtu ambaye hakustahili kurudishiwa hata senti. Au niwalaumu? Zile siku tatu nilizokaa nyumbani nalia, mbili zilikuwa vipindi vya C4. Sijui. Mume wangu anasema niache.

Mkitaka ushauri, noti zao ni za zamani kidogo lakini maswali ya marudio ni mazuri, feni moja kati ya tatu inazunguka, na pepa za ukaguzi na kodi tafuteni mahali pengine. Nasema hivyo wakati mwenyewe, wiki ile ile ya matokeo, nilishapanda tena zile ngazi kulipia C4 ya Mei. Mwalimu wa kodi ni mkali lakini anaeleweka, na kule kwingine nilikoulizia wanaanza saa 10 jioni, bosi wangu hanipi ruhusa. Basi.

Kijana alikuwepo. Akaniangalia, akaangalia simu. "Dada, hii laini ya nani?" Nikamwambia yangu, jina langu, unaweza kuhakiki. Akahakiki kweli, safari hii akasubiri mpaka ikaingia kwake, akaandika stakabadhi, akagonga muhuri. Niliisoma yote nikiwa nimesimama hapo hapo, jina, kiasi, somo. Tarehe alikuwa ameandika mwaka uliopita. Nikamrudishia.